Gari la kaya kumi na nne na daftari lake

Ufunguo wa gari letu umetundikwa kwenye msumari ndani ya duka moja hapa Ihumwa, nyuma ya rafu ya sabuni za unga. Chini ya msumari huo hukaa daftari la kaunta lenye jalada jekundu, ambalo kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, saa ya kutoka, kilomita za kutoka, saa ya kurudi, kilomita za kurudi, mafuta, saini. Gari lenyewe ni Noah ya kawaida iliyopauka kwa jua la Dodoma, na wanaotutembelea huishia kuliuliza hilo tu: lilinunuliwa bei gani, linakula mafuta kiasi gani, halijaleta ugomvi? Ugomvi limeleta, nami nitaueleza. Lakini ninaloona linastahili kuandikwa ni habari ya wale wanaolifanya litoke asubuhi na kurudi jioni likiwa zima, kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa sana kuiona kazi yao.

Tulianza kaya 14, na kila kaya ilichanga shilingi 1,200,000. Gari likagharimu 16,500,000, na kilichobaki kiliishia kwenye tairi mbili. Wengi wetu ni wale waliohamia Dodoma baada ya mwaka 2016, serikali ilipoanza kutekeleza kwa kasi uamuzi wa kuhamia huku uliokuwa umepitishwa tangu mwaka 1973, na tulinunua viwanja pale mfuko uliporuhusu, yaani mbali. Kwenda kazini Mji wa Serikali, Mtumba, si tatizo, kwa kuwa daladala na bajaji zipo. Shida huanza usiku mtoto akipandwa na homa, au mgeni akishuka treni ya SGR saa ambayo bodaboda wanataja bei wanayotaka, au mtu akiwa na mifuko kumi ya saruji ya kupeleka kiwanjani. Kwa mahitaji ya namna hiyo, yanayomjia mtu mara mbili au tatu kwa mwezi, kununua gari lake peke yake ni kufuga ng'ombe kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai. Hivyo kila mwanachama hulipa shilingi 600 kwa kilomita, mafuta yakiwemo, fedha zinaingia kwenye mfuko wa pamoja, na hakuna anayegawiwa chochote mwisho wa mwaka.

Kadi ya gari imeandikwa jina la Mwalimu, mzee mstaafu ambaye sote tulikubaliana kwamba hawezi kuamka siku moja akaliuza. Watu hudhani hiyo ni heshima tu, kumbe ni mzigo, kwa maana faini ya barabarani inapoandikwa kwa namba ya gari, mwenye jina ndiye anayetafutwa kwanza. Mwezi wa tano mwaka jana Mwalimu alikuta deni la shilingi 30,000 la mwendo kasi, akaja nalo dukani bila kumwambia mtu. Nilikuwa nimekwenda kununua mkate.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu njoo hapa, mwanangu, macho yangu hayaoni vizuri. Hii saini ya nani?"

Kidole chake kilikuwa kimetulia kwenye mstari wa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, na saini ile ilikuwa yangu. Bila shaka macho yake yalikuwa yameiona vizuri kabla sijaingia. Nililipa siku ileile, na tangu hapo vibao vya kilomita 50 navisoma kama barua ya mwajiri.

Anayelishika daftari lenyewe ni dada mwenye duka. Kazi yake kwa maelezo ni nyepesi: kutoa ufunguo, kupokea ufunguo, kuandika. Kwa vitendo, yeye ndiye anayetoka nje na tochi ya simu saa tatu usiku kusoma kilomita kwenye dashibodi, kwa kuwa aligundua mapema kwamba kilomita za kukariri huwa pungufu kuliko za kusoma. Ndiye anayekataa kupokea ufunguo taa ya mafuta ikiwa inawaka. Ndiye aliyemrudisha jirani mmoja kwenda kuosha viti baada ya kubeba makreti ya zabibu kutoka Hombolo bila kutandika turubai, na ingawa vilioshwa mara mbili, nyuki walitusindikiza wiki nzima kila tulipofungua mlango. Watu humnunia. Yeye hunyamaza, huandika, na kesho yake huwauzia sukari wale wale walionuna.

Wapo wengine wawili. Kijana fundi wa mtaani hulikagua gari kila Jumapili asubuhi, na zaidi ya yote hupuliza vumbi kwenye ea klina, kwani vumbi letu la kiangazi, kuanzia mwezi wa saba hadi mvua zinapoanza, halina huruma na injini. Kisha yuko mhasibu, dada anayefanya kazi Mtumba, ambaye kila mwisho wa mwezi hupiga hesabu za daftari na kututumia kwa simu, kila kaya na deni lake. Nitamrudia.

Nilipoanza kusoma habari za watu wa nchi nyingine wanaotumia gari kwa pamoja, nilitarajia kukuta hadithi za mitambo na programu za simu. Hizo zipo, lakini mwanzo wake unafanana na wetu zaidi ya nilivyodhani. Mwaka 1948, mjini Zürich, Uswisi, watu wasiokuwa na uwezo wa kununua gari kila mmoja peke yake walianzisha ushirika ulioitwa Sefage. Mwaka 1987, katika nchi hiyohiyo, vikazaliwa vyama viwili, kimoja Stans na kingine Zürich, ambavyo mwaka 1997 viliungana na kuwa ushirika wa Mobility, ambao leo una magari nchi nzima na bado unamilikiwa na wanachama. Mwaka huohuo wa 1997 huko Vancouver, Kanada, ushirika ambao sasa unaitwa Modo ulianza na wanachama 16 na magari mawili. Niliposoma hesabu hiyo nilicheka peke yangu. Watu 16 ni kama sisi kabisa, ila wao walikuwa na gari la ziada.

Upande wa biashara nao una historia yake. Zipcar, kampuni inayowapa wanachama wake magari ya kutumia kwa saa au kwa siku, ilianzishwa Marekani mwaka 2000 na wanawake wawili, Robin Chase na Antje Danielson, na mwaka 2013 ikanunuliwa na Avis, kampuni kubwa ya kukodisha magari, kwa takriban dola milioni 500. Sina kinyongo na hilo. Mtu akitia mtaji hutazamia faida. Lakini vyama vidogo visivyotafuta faida havina mtu wa kuvinunulia hasara zake, na nilipofuatilia vile vilivyoyumba nilikuta kwamba mara nyingi kilichoviangusha ni karatasi, magari yao yakiwa bado mazima. Buffalo, katika jimbo la New York, palikuwa na huduma ya namna hiyo iliyoanza mwaka 2009 na kukoma mwaka 2015 baada ya kukosa bima. Katika jimbo hilohilo, mji mdogo wa Ithaca una shirika lililoanza kutoa magari mwaka 2008. Mwaka 2023 nalo likasimama, kwa sababu hakuna kampuni ya bima iliyokubali kulibeba na sheria ya jimbo haikuruhusu kutumia mfuko wa bima wa mashirika yasiyotafuta faida uliosajiliwa kwingine. Watu wa shirika hilo na wanachama wao walikwenda kwa wabunge wa jimbo, sheria ikarekebishwa, na mwaka 2024 magari yakarudi barabarani. Nafikiria zile siku ambazo magari yalikuwa yameegeshwa, hayaingizi hata senti, na bado kulikuwa na mtu ofisini anayeandika barua na kupiga simu.

Namfikiria kwa sababu kwetu mtu huyo ni mhasibu. Mwaka wa kwanza tulikata bima ya mtu wa tatu, na wakala hakuuliza swali. Mwaka wa pili tukataka bima kubwa, na hapo karani wa kampuni aliuliza gari linaendeshwa na nani. Mhasibu wetu, ambaye hajui kusema uongo hata ule wa kumsaidia, akajibu kwamba linaendeshwa na watu 22 wenye leseni, kutoka kaya 14. Karani aliweka kalamu chini. Kwa maelezo yake, hiyo ilikuwa biashara ya kukodisha, na bima ya gari binafsi haigusi gari la kukodisha. Mhasibu akaeleza kwamba hatubebi abiria kwa nauli wala hatumkodishii mtu wa nje, kwamba sisi wenyewe ndio wenye gari na tunarudishiana gharama. Akaambiwa alete barua. Akaleta barua, akaambiwa alete katiba ya kikundi, ambayo ilikuwa haijaandikwa, ikabidi tuiandike usiku mmoja sebuleni kwa Mwalimu, tukibishana kuhusu neno "mwanachama" hadi chai ikapoa. Alikwenda mara tano, kila mara akiomba ruhusa kazini, na kampuni ile hatimaye ilikataa. Kampuni nyingine ilikubali kwa sharti la kuambatanisha orodha ya madereva wote, na kwamba ajali ikisababishwa na dereva wa chini ya miaka 25 tutachangia zaidi. Nauli za kwenda na kurudi zote hizo alijilipia, na sisi tukampigia makofi kwenye mkutano.

Ugomvi wenyewe ulizuka mwezi uliofuata, fundi alipopendekeza kwamba mwenye duka na mhasibu wawe wanalipwa posho kutoka kwenye mfuko. Niliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Nilisema kwamba kikundi chetu hakitafuti faida, kwamba tukianza kulipana tutakuwa kampuni ya teksi, na kwamba kujitolea ndiko kulikotufikisha hapo. Nilishangiliwa, tena na watu ambao hawajawahi kusoma kilomita kwa tochi hata mara moja. Mwenye duka hakusema neno. Mwalimu ndiye aliyeniuliza, kwa upole, kama mimi kujitolea kwangu kulikuwa kupi.

Sikuwa na jibu, na sikulala vizuri. Kesho yake nilijikuta nikiwaza kuhusu m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ambao ulizinduliwa kitaifa hapa Dodoma mwaka 2022. Anayepata dharura hupiga namba 115 bila malipo, mpokeaji wa simu hupima hali, na pale ambapo gari la wagonjwa haliko karibu humwita dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake, ambaye akishamfikisha mgonjwa hulipwa kwa simu. Sijawahi kusikia mtu akisema kwamba kwa kuwa dereva yule amelipwa, huduma imegeuka biashara. Amechoma mafuta yake, ameacha usingizi wake, amelipwa, na mama amefika hospitali.

Watu wa ushirika wana neno linalofaa hapa, nami nilikuwa nimelisahau. Wao mwisho wa mwaka huzungumzia ziada, yaani kile kinachobaki baada ya gharama zote kulipwa, na ujira wa mwenye kazi ni gharama kama ilivyo gharama ya mafuta ya injini. Kikundi kisichotafuta faida kinajizuia kuigawa ziada mifukoni mwa watu. Hakijajifunga kula jasho la mwenye duka. Tena, kwa maoni yangu, kinachoitwa kujitolea katika vikundi vingi vya mitaani kwetu ni watu wawili kuchoka kwa niaba ya ishirini, hadi siku watakaponyanyua mikono, na hapo kikundi hufa na kila mmoja husema Waswahili hatupendani. Sisi tulikuwa tumebakiza kama miezi mitatu kufikia hapo. Hilo mhasibu aliniambia mwenyewe, baadaye.

Nilirudi mkutanoni nikafuta maneno yangu, jambo ambalo si tamu mbele ya majirani. Tulikubaliana shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mwenye duka na kiasi hichohicho kwa mhasibu, fundi alipwe kwa kila ukaguzi, na nauli za safari za bima zirudishwe zote kuanzia ile ya kwanza. Mwalimu alikataa kulipwa. Alitaka tu kwamba faini isikae siku mbili bila kulipwa. Ili fedha zitoshe, bei ya kilomita ilipanda kutoka 600 hadi 680. Kaya moja ilijitoa, tukairudishia mchango wake kidogo kidogo, na nafasi yake ikachukuliwa na muuguzi aliyehamia mtaa wa juu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuchukua ufunguo ili nimpeleke shangazi Hospitali ya Benjamin Mkapa. Daftari jekundu limejaa. Sasa kuna la buluu, na lina safu mpya pembeni iliyoandikwa "viti". Nilitaja kilomita kwa kichwa, kwani nilikuwa nimetoka kuzitazama. Dada aliweka chini kilo ya mchele aliyokuwa anampimia mteja, akachukua simu yake, akawasha tochi mchana kweupe, akatoka nje kwenda kusoma mwenyewe.