Nani anatia makaa humo?

Injini ndogo ya Baba, ya treni ya kuchezea, sasa ina sauti. Nina furaha ambayo nikiinyamazia itanikosesha usingizi, kwa hiyo naiandika hapa.

Ni Jinty, mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Uingereza, ya kampuni ya Tri-ang, ya magurudumu sita, mfano ulioanza kutoka kiwandani Uingereza miaka ya hamsini. Mhandisi mmoja Mwingereza alimwachia Baba alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao, Baba akiwa bado kijana wa reli hapa Tororo, Uganda. Utoto wangu wote ilikaa juu ya kabati, ikashushwa sikukuu kwa sikukuu. Uendeshaji wake haukuwa na siri: ukiongeza volti kuelekea 12 inakimbia, ukipunguza inasimama, ukigeuza chanya na hasi inarudi kinyumenyume.

Mfumo wa dijitali wa kuendesha treni hizi, ule wa DCC uliobuniwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani mwishoni mwa miaka ya themanini, una mantiki nyingine. Reli hubaki na umeme kamili muda wote, na umeme huohuo ndio unaobeba amri. Unageuka kati ya chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde. Kila nusu ya mgeuko ikidumu mikrosekunde 58, hiyo ni moja. Ikidumu 100 au zaidi, hiyo ni sifuri. Dekoda, saketi ndogo iliyofichwa ndani ya injini, inazisoma moja na sifuri hizo kama amri, ikisikia namba yake inatii, ikisikia ya mwenzake inaendelea na shughuli zake. Nilipomweleza Baba alidaka mara moja: ni kama kontrola wa treni alivyokuwa akipiga simu, stesheni zote ziko kwenye waya mmoja lakini anayejibu ni aliyeitwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mota. Jinty ina mota aina ya X04, mota ya wazi isiyo na kasha, ambayo brashi zake mbili, vipande vya kaboni vinavyoipelekea umeme, zinabanwa na waya wa springi wenye mikono miwili. Mkono mmoja umevikwa ganda la kuzuia umeme. Wa pili uko uchi, unagusa chuma cha mota, na chuma hicho kinagusa fremu, na fremu inapokea umeme wa reli ya upande mmoja kupitia magurudumu. Zamani hilo lilikuwa jambo zuri, waya mmoja umeokolewa. Kwa dekoda ni kifo. Mota haitakiwi kuguswa na kitu chochote isipokuwa waya mbili za dekoda, wa rangi ya chungwa na wa kijivu. Umeme wa reli ukiingia humo kwa mlango wa nyuma, dekoda inaungua papo hapo na hakuna fundi wa kuifufua.

Basi nikavua ganda la waya mwembamba, nikauvisha ule mkono uliokuwa uchi, nikahakikisha brashi yenyewe haigusi pembeni. Kisha mita: ncha moja kwenye brashi, nyingine kwenye fremu, na mlio usisikike. Nilipima, nikatikisa injini, nikapima tena. Nikatoa na kile kikapasita kikuukuu kilichowekwa ili injini isivuruge picha za televisheni sebuleni, maana kingevuruga ishara za dekoda.

Jambo la pili ambalo watu hulipita haraka ni ulaji wa umeme. Sumaku ya X04 huchoka kwa umri, na mota yenye sumaku dhaifu hunywa umeme mwingi kwa nguvu kidogo. Nilipoyashika magurudumu yasizunguke kwenye volti 12, mita ilipita ampea moja, na dekoda nyingi za kimo hiki huvumilia ampea moja tu. Nilibadilisha sumaku nikaweka ya neodimiamu, ndogo na yenye nguvu, mita ikashuka na injini ikaanza kwenda polepole kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Hata bila dijitali, hilo peke yake lilistahili.

Waya nyekundu na nyeusi zinatoka kwenye reli, na rangi hizo ni zilezile kwa watengenezaji karibu wote. Jambo hilo napenda kulisifu: watu wanaoshindana sokoni walikaa wakakubaliana kuhusu rangi za waya, nami huku Tororo nafaidi. Kwanza niliiweka kwenye kipande cha reli chenye umeme mdogo, uliodhibitiwa ili kosa la waya lisiunguze kitu, nikaiuliza dekoda namba yake. Haina mdomo wa kujibu, kwa hiyo hujibu kwa kuvuta umeme kidogo kupitia mota, miliampea 60 kwa milisekunde 6. Injini ikashtuka. Tatu. Ndiyo namba ambayo dekoda mpya huja nayo.

Kidhibiti nimekiunda kwa Arduino, bodi ndogo ya elektroniki, na programu huria ya DCC-EX. Usukani ni simu yangu. Umeme ukikatika tunaendelea kwa betri ya gari.

Dekoda hii ina sauti zilizorekodiwa ndani yake, inahitaji spika tu, nami niliipata kwa fundi wa simu sokoni, aliyekuwa na kopo zima la simu zilizokufa. Spika ya simu, omu 8, inaingia mahali ambapo spika nyingine haiwezi. Lakini usiifunge ikiwa wazi. Sauti ya mbele na ya nyuma zinakutana hewani zikafutana, unabaki na mlio wa mbu. Nilitengeneza kiboksi cha plastiki, nikaziba kila pembe kwa gundi, nikakiweka chini ya dohani, pale ambapo hata injini ya kweli hupumulia.

Jioni nilimwita Baba. Alikaa kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti. Nikawasha. Mvuke ukafoka taratibu, kisha ikasikika kwaru, kwaru, beleshi likikwangua makaa.

Akainua kichwa. “Mama,” huniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mamake, “nani anatia makaa humo?”

Nikamwambia ni msaidizi wa dereva, Baba, ndivyo watengenezaji wa dekoda walivyorekodi.

“Sisi hatukuwa na makaa.”

Kweli hawakuwa nayo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia injini za reli yetu ziligeuzwa kuchoma mafuta mazito, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki liliendelea hivyo. Baba alianza kama msaidizi wa kushughulikia moto, na kazi yake ilikuwa vali na jicho, kuangalia rangi ya moshi, si beleshi. Akaendelea kusikiliza, akauliza pampu iko wapi. Pampu ya upepo wa breki, ile inayogonga ubavuni mwa injini hata ikiwa imesimama stesheni.

Nimelifikiria hili sana. Jinty ya kweli ilikuwa ya Uingereza, ilichoma makaa, na rekodi ile haina uongo wowote. Anayetaka usahihi wa Uingereza aiache ilivyo, nami nitamheshimu. Lakini injini hii, yenyewe, imeishi Tororo zaidi ya miaka hamsini na aliyeitunza ni mtu wa mafuta mazito na breki za upepo. Sauti si kama rangi ya injini. Rangi unaitazama ukitaka, sauti inakuingia tu, na mzee wa miaka themanini anajua ndani ya sekunde mbili kama hapo ni kwake. Dekoda inaruhusu kila sauti ipandishwe au ishushwe peke yake. Beleshi nimelipeleka sifuri. Pampu ilikuwemo kwenye hazina yake, nimeipandisha.

Nikavutika kwenda mbali zaidi, kutafuta sauti ya Garratt za daraja la 60, zile ndefu zenye injini mbili chini ya bwela moja, ambazo mapigo yake huenda pamoja, yakaachana, yakakutana tena. Baba amezisimulia maisha yangu yote. Akakataa kabisa. “Hiyo si sauti yake. Hako ni kadogo.” Yuko sawa. Silinda mbili, mapigo manne kila gurudumu linapozunguka mara moja. Aliweka kidole karibu na gurudumu akahesabu, nami nikarekebisha namba hadi yakawa manne.

Ila kilichonigusa zaidi hakikuwa sauti. Dekoda ina kigezo cha 3 cha kuchelewesha kuondoka na cha 4 cha kuchelewesha kusimama. Nilivipandisha vyote, nikampa Baba simu. Kwa ile nobu ya zamani ukifunga, injini inasimama hapo hapo kama toy ilivyo. Safari hii, ikiwa bado upande wa pili wa duara, Baba alifunga mvuke. Nikadhani amekosea kubonyeza. Mapigo yakakoma, zikabaki kelele za vyuma, injini ikateleza ikipunguza, ikateleza, ikasimama na mabehewa yote matatu sawasawa kwenye jukwaa. Hakusema kitu, akaomba mzunguko mwingine. Mikono ya dereva ilikuwa imehifadhiwa muda wote huo na mimi sikuwa nimeiona, kwa kuwa tangu nizaliwe sikuwahi kumpa kitu chenye uzito wa kuendesha.

Sasa ana madai. Mabehewa matatu ni mepesi, anasema, injini haisikiki ikifanya kazi. Dekoda hupima jinsi mota inavyolemewa na kuzidisha mapigo, kwa hiyo hoja yake ina msingi. Ameniomba mlima, unaopanda mita moja kwa kila mita hamsini za reli, wenye kona, na ameshachora kwa kalamu nyuma ya kalenda mahali pa kuanzia. Mbao nitanunua Jumamosi.