Nesi wa Mapokezi

Julai 2010, Uyole, Mbeya, baridi ile inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mama alikuwa ameweka jiko la mkaa katikati ya sebule, mlango tumeuacha wazi kidogo. Kwenye deki nikaweka CD niliyoinunua Mwanjelwa, filamu nyingi ndani ya sahani moja, karibu zote za mapigano. Mama akasema tuangalie ile isiyo na bunduki. Ikawa The Verdict, ya mwaka 1982.

Mama alikuwa amestaafu unesi mwaka uliotangulia.

Paul Newman ni Frank Galvin, wakili wa Boston aliyemalizwa na pombe. Mkono unamtetemeka hata glasi haiinuki; inambidi ainamishe kichwa ainywee pale pale ilipo. Mama akaguna, "Huyu mgonjwa kweli." Hayumbi, hapigi kelele, lakini ulevi unauona mpaka kwenye macho yake.

Kesi yenyewe: mama mjamzito kapewa nusukaputi wakati ametoka kula, akatapikia ndani ya barakoa, akakosa hewa, hakuzinduka tena. Hapo Mama akanikataza kutafsiri. Alikuwa anaelewa kuliko mimi.

Kisha akaingia Lindsay Crouse, nesi wa mapokezi, kwa dakika chache tu. Kwenye fomu aliandika 1, yaani mgonjwa amekula muda wa saa moja uliopita. Daktari alikuwa amechoka, hakuisoma. Baadaye akamwamuru aigeuze 1 iwe 9, la sivyo asahau kazi. James Mason, wakili wa utetezi mwenye sauti laini ya mtu aliyeshiba, ndiye anayemuuliza kwa nini alitunza nakala. Kwa swali hilo akaifungulia mlango kweli aliyokuwa ameizuia. Crouse anajibu huku sauti inamkatika: hawa ni watu gani? Yeye alitaka kuwa nesi tu.

"Rudisha nyuma," Mama akasema.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu hakuangalia runinga. Alikuwa anatazama viganja vyake.

Jaji anaikataa ile nakala. Nikamweleza Mama kwamba wale raia kumi na wawili waliokaa mahakamani kusikiliza kesi si kama wazee wetu wa baraza wanaomshauri jaji. Kule wao ndio wanaoamua. Wakampa haki mgonjwa, nami nikasimama kupiga makofi. Filamu hii iliteuliwa kuwania Oscar tano, haikupata hata moja. Newman kutoka mikono mitupu kunaniuma mpaka leo, na Crouse kutoteuliwa kabisa kunaniuma zaidi.

Mama hakupiga makofi.

"Na yule nesi, walimrudisha kazini?"

Nikamwambia filamu haisemi. Akaliinua jiko akalitoa nje, akakaa huko na baridi yake muda mrefu.