AO-7 kwenye megahezi 29: kelele zilitoka kwangu mwenyewe

Wiki mbili nilikesha kati ya megahezi 29.4 na 29.5 hapa Goma, nikiisaka AO-7, setilaiti ya wapenzi wa redio iliyorushwa 1974. Sikupata kitu ila mngurumo, trrrr, kama chukudu, ile baiskeli ya mbao, ikishuka juu ya makoro, mawe ya volkeno.

Betri zake ziliharibika 1981, ikafufuka 2002, na tangu hapo inaishi kwa jua tu. Nikaacha kuitafuta inapopita kwenye kivuli cha dunia. Mngurumo uleule. Usiku mmoja nikazima inveta ya sola, na mshale wa kipimo cha mawimbi kwenye redio ukaanguka papo hapo. Kumbe mwizi alikuwa ndani ya nyumba! Redio nikaiunga moja kwa moja na betri ya volti 12. Dipoli, yaani antena yangu, pia ilikuwa ndefu kidogo, nikaikata ibaki mita 4.84.

Kesho yake patupu: setilaiti ilikuwa kwenye modi B, moja ya njia zake mbili za kurusha, ambayo hurusha chini kwenye megahezi 145. (Hilo ningelijua mapema, nisingeilaumu antena.) Siku iliyofuata, modi A, ile ya megahezi 29: milio nyembamba ya Morse (alama za nukta na mistari), ikiteleza chini polepole kwa sababu ya Dopla, yaani sauti kubadilika kadiri setilaiti inavyopita.

"Papa, nani anapiga filimbi?" mtoto akauliza.