Usitie sahihi ukiwa bado kitandani

Tangu kesi ya kakangu iishe nimekuwa nataka kuandika hii, maana kila mara kwa grupu ya mtaa lazima mtu aulize "ndugu yetu kagongwa, wanatupa elfu 20, tuchukue?" na majibu ni yale yale, chukueni, kesi ni ndefu, pesa zote zitaliwa na wakili. Jamani nisikizeni kwanza.

Kakangu alikuwa kwa boda hapa Mombasa, mshikaki, yaani yeye na kijana mwingine wa mtaani kwetu nyuma ya dereva mmoja, matatu ikatoka stejini bila kuangalia ikawabeba. Wote wawili walivunjika muundi. Kesho yake tu wodini kashaingia mtu wa mwenye gari, mpole, na matunda mkononi, ana bahasha mbili za elfu 30 kila moja na karatasi mbili za kutia sahihi kwamba hutadai tena. Yule kijana akatia. Kakangu dawa za maumivu zimemlewesha hata haelewi anaambiwa nini, ni mamangu ndio alisema mwanangu hasomi karatasi akiwa amelala, rudi nayo.

Wakili tuliyempata baadaye alitukalisha akatufunza uzembe ni nini kisheria, na mimi nilikuwa nadhani ni matusi tu ya kumwambia dereva. Korti haiulizi kama alikusudia. Inauliza alikuwa na wajibu wa kujihadhari asikuumize? Aliukiuka? Huko kukiuka ndiko kulikokuvunja mguu? Na umepata hasara gani? Moja ikikosekana umeshindwa, na mwenye kuthibitisha ni wewe unayedai, bendeji peke yake haitoshi. Akatupa na kisa cha konokono, ambacho sijakisahau. Mwaka 1928 mjini Paisley, Scotland, mama mmoja alinunuliwa soda ya tangawizi na rafikiye, akadai chupani mlikuwa na konokono aliyeoza na ikamuumiza tumbo. Sasa yeye hakuinunua, atamshtaki nani? Mwaka 1932 majaji wa juu kabisa kule London wakaamua mwenye kiwanda ana wajibu kwa yule atakayekunywa, hata kama hawajuani, na Lord Atkin akaeleza kwamba jirani yako kisheria ni yule ambaye ungefaa kumfikiria kabla hujafanya kitendo kinachoweza kumdhuru. Sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza na ndiyo inatumika korti za Kenya mpaka leo. Kwa hivyo dereva akitoa matatu stejini, kila anayepita hiyo barabara ni jirani yake.

Upande wa pili nao hawakulala, wakasema mshikaki ni kosa na abiria alijua. Ni kweli, siwezi kutetea hilo. Mawakili wakakubaliana lawama igawanywe 80 kwa 20, kakangu abebe hiyo 20.

Pesa zenyewe ziko za aina mbili. Kuna za maumivu, hapa hakimu anaangalia kesi za nyuma za watu walioumia hivyo hivyo walipewa ngapi, kakangu akapewa 450,000. Halafu kuna ulizotumia, na hizi ni risiti tu, huna risiti huna pesa. Tulithibitisha 62,000. Miezi yote ile ya tuktuk kwenda kliniki na kurudi hatukupata hata shilingi, maana nani huomba risiti kwa tuktuk? Ombeni, hata aandike kwa karatasi ya daftari aweke sahihi. Jumla 512,000, toa ile asilimia 20, ikabaki 409,600.

Kwa hivyo siku ile ile nenda polisi upate nambari ya OB (kitabu chao cha matukio), baadaye abstrakti (karatasi ya polisi inayothibitisha ajali) na P3 (fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha yako), piga picha gari na nambari yake na stika ya bima, weka kila karatasi ya hospitali. Una miaka 3 ya kushtaki, lakini gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu, watu wengi sana wanaumizwa na hiyo. Na bima ya lazima ya gari mwisho wake ni milioni 3 kwa mtu mmoja, zikizidi unamdai mwenye gari mwenyewe.

Yule kijana mwingine mguu wake haukuunga vizuri, daktari anasema afunguliwe tena. Juzi alikuja kwetu na ile karatasi yake ameikunja kunja, nikampeleka kwa wakili wetu. Wakili akaisoma polepole mara mbili. Akamwambia ili ifutwe lazima athibitishe jambo kama kudanganywa ama kulazimishwa, akamuuliza siku ile wodini nani mwingine alikuwa karibu akasikia maneno ya yule mtu. Pale kitandani kwake alikuwa peke yake, mamake alikuwa ameenda kumtafutia uji.