Baba, ndoo na mkono wa windimili

Juzi tunaangalia softiboli ya vyuo (mchezo ndugu wa besiboli, ila mpira unarushwa mkono ukitokea chini) live kutoka Oklahoma City, binti yangu kaacha chakula kinapoa kaganda kwenye TV, eti "mama, yule dada mkono wake hauchomoki?" Nikacheka mpaka nikashindwa kumjibu. Swali hilohilo babu yake aliwahi kuniuliza mimi, Columbus hukohuko Marekani, kwenye parking ya apartment, ila yeye aliuliza kwa hasira.

Baba mnamjua, mtu wa Tanga, Coastal Union damudamu, mchezo usio na goli kwake ni michezo ya watoto. Kocha wa timu yetu ya softiboli ndo alinichagua niwe mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, kwa sababu ya huu urefu wangu, akatuanzishia gym maana nje theluji. Mwanzoni hata kuzungusha mkono hakuna, unapiga goti moja unarusha kwa kiganja tu ukutani, ta, ta, ta, mpaka inakuwa kero. Halafu ndo unaongezewa: mkono unapanda mbele, unapita juu, unarudi kwa nyuma, unashuka duara zima kama windimili, kile kinu cha upepo, ukifika nyongani kigasha kinakwaruza paja na mpira unatoka hapohapo. Ukiwahi kuachia unapiga chini, ukichelewa unaenda kusalimia dari.

Sasa ile Jumamosi theluji imeyeyuka baba kaja na ndoo ya rangi, kaipindua kaikalia awe mdakaji wangu, glavu ya kuazima, koti la kazini hajalivua. Kapima futi 43, umbali wa mrushaji, kwa hatua zake. "Haya, rusha." Wa kwanza ukagonga pipa la taka, mwingine ukampita juu ya kichwa ukadunda kwenye boneti ya jirani, sisi wote tukajifanya hatujaona. Nikaendelea hivyohivyo mpaka akachoka. "We mtoto, unarusha mpira au unafukuza nzi? Huo mkono si utachomoka! Acha kuulazimisha, uachie uanguke wenyewe!"

Aisee nilikasirika. Nikazungusha bila kuwaza kitu, nakumbuka ncha ya raba ya kulia inaburuzika kwenye lami khrrr, nguo ikakwaruzwa pale nyongani, na mpira sikuusikia unatoka kabisa, yaani vidole vilikuwa vitupu kabla sijajua, halafu PAA! Baba yuko chini, ndoo inabingirika kivyake, glavu iko juu na mpira umo ndani. Hakusema kitu. Akavua glavu, akakiangalia kiganja, chekundu, akakikung'uta kung'uta, akainuka akaifuata ndoo, akakaa.

"Tena."

Tena ikawa balaa, uliofuata ulienda chini ya gari.

Msimu ulivyoenda siwachoshi, tulifungwa sana, na raba ya kulia ilitoboka kidoleni mama akalalamika mwaka mzima. Kocha alipenda kutupigia stori ya Yukiko Ueno wa Japani, Olimpiki ya Beijing 2008, alirusha mipira 413 ndani ya siku mbili na fainali Marekani wakala 3-1. Nikaenda kumhadithia baba nikijua atashangaa. Akafikiria kidogo akaniuliza, "Na aliyekuwa anaidaka, magoti yake yako salama?"

Mpaka leo kwenye harusi za watu anasimulia kwamba yeye ndo alinifundisha kurusha. Sijawahi kumwambia kwamba kocha alikuwa anasema maneno yaleyale tangu tuko gym, legeza, uache ushuke wenyewe, ila yeye alisema kwa Kiingereza na kwa upole. Labda nilihitaji kufokewa kwa Kiswahili, sijui. Au ni hasira tu, maana hata baadaye siku nilizoamka nimetulia nilikuwa narusha vibaya kweli, na sidhani kama hilo ni jambo la kumwambia mtoto.