Kufunga muhula Ujerumani: anwani, namba ya simu na akaunti viwe vya mwisho

Januari

Muhula wa baridi nchini Ujerumani huanza tarehe 1 Oktoba na kwisha 31 Machi, ila mihadhara husimama mapema, mwanzoni au katikati ya Februari. Kati ya mwisho wa mihadhara na 31 Machi kuna wiki sita hivi ambazo kwenye kalenda zinaonekana tupu. Zimejaa. Ndizo wiki za mitihani, za insha, za kukabidhi chumba, na za kufuta jina lako kwenye madaftari ya watu ambao hawatalifuta wenyewe. Aliyekuja kutoka Dodoma au Kisumu kwa muhula mmoja wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, alijiandaa kufika kwa miezi mingi. Kuondoka huachiwa siku tatu za mwisho, na hapo ndipo pesa na alama hupotelea.

Naandika haya nikiwa na neno moja kubwa. Ulipofika ulipata vitu vitatu vya Kijerumani: anwani, namba ya simu na akaunti ya benki. Viwe vya mwisho kuviachia, na usiviache vyote siku moja. Amana ya chumba hurudi kwenye akaunti. Akaunti hufunguka kwa simu. Simu ikigoma, benki hutuma barua yenye namba mpya ya siri, na barua huja kwenye anwani. Ukivikata vyote kabla ya kupanda ndege, mlango umejifunga nyuma yako na ufunguo uko ndani.

Januari ni mwezi wa barua za kusitisha mikataba. Mwenye chumba cha hosteli ya wanafunzi kwa kawaida ana mkataba wenye tarehe ya mwisho, hana haja ya kutoa notisi. Aliyepanga kwa mtu binafsi kwa mkataba usio na kikomo ana notisi ya miezi mitatu: barua imfikie mwenye nyumba kabla ya siku ya tatu ya kazi ya Januari kupita, ndipo utoke mwisho wa Machi. Ikifika siku ya nne, kodi ya Aprili ni yako. Barua pepe haihesabiki hapa. Sheria inataka karatasi yenye sahihi ya mkono.

Mkataba wa simu wa kila mwezi ni rahisi, mwezi mmoja wa notisi unatosha. Tiketi ya treni ya nchi nzima, Deutschlandticket, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63, husitishwa kufikia tarehe 10 ili iishe mwisho wa mwezi huohuo. Mkataba wa jimu ndio unaoumiza. Watu huamini kwamba kuhama nchi kunatosha kuuvunja, na mahakama kuu ya shirikisho iliamua mwaka 2016 kwamba kuhama peke yake si sababu. Anayekaa miezi sita asisaini jimu ya miezi kumi na miwili.

Februari, wiki ya mitihani

Hapa nitakaa kidogo, maana matokeo ndiyo yaliyokuleta.

Hati ya makubaliano ya masomo ya Erasmus+ ina majedwali. La kwanza lina masomo uliyokusudia kuchukua huku, la pili lina masomo ya nyumbani yatakayofidiwa. Ukibadilisha somo mwezi Oktoba, mabadiliko nayo yana jedwali lake na sahihi tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo mwenyeji. Kosa linalojirudia ni kubadilisha somo kwa mdomo, mhadhiri akakubali, mtihani ukafanywa vizuri, kisha idara ya nyumbani ikasema somo hilo hailijui. Chukua makubaliano ya mwisho uyaweke kando ya orodha ya masomo uliyojisajili kwa mitihani, uyapitie mstari kwa mstari: jina, namba ya somo, idadi ya krediti. Semina ya krediti 6 inaweza kutoka na krediti 3 kwa sababu uliwasilisha mada darasani lakini hukuandika insha. Hilo ligundulike sasa, mhadhiri akiwa bado ofisini.

Insha ina tatizo lake. Katika masomo ya sanaa na jamii tarehe ya kuiwasilisha mara nyingi ni 31 Machi, na usahihishaji huchukua wiki kadhaa. Maana yake transkripti, yaani hati ya alama zako zote, haitakuwa tayari siku ya kuondoka. Mwambie mhadhiri mapema kwamba unahitaji alama kwa ajili ya chuo cha nyumbani, uiwasilishe mwanzoni mwa Machi ukiweza, na umwulize kama atatoa cheti cha somo chenye sahihi, wanachokiita Schein. Kwa utaratibu wa Erasmus+, chuo mwenyeji kinatakiwa kutuma transkripti ndani ya wiki tano baada ya matokeo kutoka. Hesabu huanza matokeo yanapotoka. Siku uliyoondoka haihusiki.

Halafu alama zenyewe. Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ni ya mwisho ya kufaulu, 5.0 ni kufeli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinahesabu wastani hadi 5.0, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Fikiria karani anayepokea karatasi yenye 1.3 pasipo maelezo. Kwa macho yake huyu mwanafunzi amefeli vibaya, ilhali Ujerumani 1.3 ni miongoni mwa alama bora kabisa. Omba karatasi ya maelezo ya mfumo wa alama ifungwe pamoja na transkripti, ikiwezekana ile yenye mgawanyo: wanafunzi asilimia ngapi wa idara hiyo walipata kati ya 1.0 na 1.5, na kadhalika.

Mgawanyo huo una faida kuliko fomula. Ipo fomula inayotumika sana Ujerumani kubadilisha alama za kigeni, inayojulikana kwa jina la jimbo la Bavaria. Ukiigeuza kwa mfumo wa Kenya, ambapo juu ni 100 na kufaulu ni 40, kila 0.1 ya Kijerumani inakuwa pointi 2. Kwa hiyo 2.7 inageuka 66, ambayo ni B. Lakini 1.3 inageuka 94, na idara ambayo A yake huanzia 70 itaiona 94 kama uongo. Fomula inadhani alama za juu hutumika kila mahali kwa ukarimu uleule, jambo ambalo si kweli. Mwenye jedwali la mgawanyo anaweza kumwonyesha mkuu wa idara kwamba yeye yumo katika asilimia kumi ya juu, na hoja hiyo mwalimu yeyote anaielewa.

Karatasi nyingine ni uthibitisho wa muda wa kukaa. Ofisi ya kimataifa huandika tarehe ya kuanza na ya kumaliza masomo, na posho huhesabiwa kwa tarehe hizo. Isainiwe katika siku za mwisho kabisa. Ukiisainisha tarehe 5 Machi ilhali mkataba wa posho unasema 31 Machi, siku zinazopungua zinaweza kudaiwa.

Machi, wiki mbili kabla ya makabidhiano

Panga miadi ya kukabidhi chumba mapema. Msimamizi wa jengo hafanyi kazi Jumapili, na mwisho wa Machi hosteli nzima inamtaka yeye mmoja.

Kinachokata amana kwa kawaida ni vitu vitatu: chokaa, ukungu na matundu ya ukutani. Maji ya miji mingi ya Ujerumani yana chokaa nyingi. Baada ya miezi sita koki ya sinki ina ukoko mweupe mgumu kama jiwe, na kioo cha bafu kimefifia. Kusugua kwa brashi ya chuma kunaharibu rangi ya koki. Nunua unga wa asidi ya limau, vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji baridi. Yawe baridi, kwa sababu maji ya moto hufanya asidi hiyo ishikamane na chokaa na kuacha utando ambao hautoki tena. Lowesha kitambaa, kizungushie koki, subiri nusu saa, kisha futa. Shawa ichopeke kwenye mfuko wenye maji hayo. Siki kali nayo hufanya kazi, ila inakula mipira ya ndani ya koki. Na usiweke asidi yoyote pamoja na dawa ya klorini. Hutoka gesi ya sumu, na vyoo vya hosteli ni vidogo.

Ukungu hujificha nyuma ya kabati lililoegemea ukuta wa nje. Nguo zikikauka chumbani na dirisha likifungwa miezi yote ya baridi, mvuke hugonga ukuta ule baridi na madoa meusi yanaota. Sogeza kabati sasa, uone. Madoa machache hutoka kwa spiriti. Ukuta mzima ukiwa mweusi, mpe taarifa msimamizi kabla ya siku ya makabidhiano, maana akiugundua mwenyewe ataandika kwamba ulificha.

Friji izimwe siku moja kabla, mlango wazi, taulo chini. Matundu ya misumari yazibwe kwa lipu ya tyubu. Siku yenyewe, usisaini hati ya makabidhiano bila kuisoma, na piga picha kila pembe, pamoja na mita ya umeme kama una mkataba wako. Hesabu funguo kwa sauti na idadi iandikwe. Ufunguo wa hosteli mara nyingi unafungua pia mlango wa nje, kwa hiyo ukipotea gharama inaweza kuwa ya vitasa vya jengo zima. Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mpangaji ni hati hiyo.

Vyombo visivyofaa kubebwa vina njia yake. Sufuria, blanketi, pasi na kile chungu cha kupikia wali huwekwa kwenye boksi kando ya lango au kwenye korido pamoja na karatasi iliyoandikwa zu verschenken, yaani chukua bure. Magodoro na viti usiviache hapo, ni taka kubwa zenye utaratibu wake wa manispaa. Chupa za plastiki na makopo yenye alama ya amana zirudishwe dukani, senti 25 kila moja. Chupa nyingi za bia ni senti 8. Chini ya kitanda cha mwanafunzi huwa kuna nauli ya basi la uwanja wa ndege.

Wiki ya mwisho

Sasa Abmeldung, kujiondoa kwenye daftari la wakazi. Haifanywi mapema zaidi ya wiki moja kabla ya tarehe ya kuhama, na isipite wiki mbili baada yake. Miji mingi hupokea fomu kwa posta au mtandaoni. Andika anwani mpya ya nyumbani, usiandike ya rafiki wa Ujerumani. Cheti utakachopewa ni ukurasa mmoja mkavu, nacho ndicho karatasi yenye thamani kuliko zote za wiki hii. Bima ya afya inakitaka ili isimamishe michango. Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, haisimami mpaka uwaandikie na kuwaambatishia. Anayejigharimia mwenye akaunti iliyofungwa, ile inayomwachilia pesa zake mwenyewe euro 992 tu kwa mwezi, atakihitaji pia kuomba salio. Ofisi ya wageni au ubalozi unaweza kutakiwa kutoa idhini juu yake. Kipige skani, ukitunze sehemu tatu.

Angalia tarehe ya kibali cha ukaazi kabla ya kununua tiketi. Kibali kikiisha 31 Machi, safari ya Paris au Roma iwe imekwisha tarehe hiyo. Zile siku 90 za matembezi ndani ya kila siku 180 zinazotajwa sana haziwi haki ya Mkenya au Mtanzania asiye na viza mpya.

Kuhusu mzigo, jaketi zito na buti zivaliwe, zisipakiwe. Pawabenki iende kwenye mkoba wa mkononi. Mifuko ya plastiki ya madukani ibaki Ulaya: Rwanda iliizuia mwaka 2008, Kenya tangu 28 Agosti 2017, Tanzania tangu 1 Juni 2019.

Benki ipewe anwani ya nyumbani, na programu ya kuthibitisha malipo iwe hai kwenye simu utakayoendelea kuitumia. Laini ya malipo ya kabla iongezewe salio kidogo na kuwekwa kwenye simu ya pili. Isipoongezwa kwa muda mrefu, hufungwa.

Aprili hadi Juni, nyumbani

Karatasi bado zinakuja. Dodoso la mwisho la Erasmus+ hufika kwa barua pepe, na chuo huweza kushikilia sehemu ya mwisho ya posho mpaka ulijaze. Transkripti ikifika, ipeleke idarani mwenyewe pamoja na makubaliano na maelezo ya alama, ufuatilie mpaka jedwali la mwisho, lile la masomo yaliyokubaliwa nyumbani, lipate sahihi.

Aliyefanya kazi ya mwanafunzi na kukatwa asilimia 9.3 ya pensheni anaweza kuomba fungu lake miezi 24 baada ya michango ya lazima kukoma, akiwa anaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Tunza hati za mshahara na namba ya pensheni.

Amana ya chumba huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na mwenye nyumba binafsi anaweza kubakiza sehemu kusubiri hesabu ya maji na joto, ambayo ana miezi 12 baada ya kipindi cha hesabu kuileta. Ikishaingia, ihamishie nyumbani, subiri salio lisome sifuri, ndipo uandike barua ya kufunga akaunti, na ile laini uitoe kwenye simu.