Nilivyojifunza Kuvuna Ukungu Huko Vouvray

Nimekulia Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na kichala chenye ukungu hutupwa bila mjadala. Kwa hiyo nilipopata kibarua cha mavuno katika shamba moja la Vouvray, kandokando ya mto Loire nchini Ufaransa, sikudhani kwamba zabibu za Chenin Blanc, ambazo hata kwetu hulimwa, zingenishinda. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimekwisha kumwaga chini karibu nusu ndoo ya zabibu zilizosinyaa na kuota ukungu wa kijivu, kabla msimamizi hajanishika mkono.

Alinieleza kwamba ukungu ule, yaani botritisi, ukizivamia zabibu zilizoiva, na asubuhi zenye unyevu zikifuatwa na mchana wa jua, hutoboa ganda, maji yakapungua na sukari ikakolea. Humo ndimo hutoka mvinyo mtamu wa Vouvray. Mvua ikizidi, ukungu huohuo huwa uozo mtupu. (Kiswahili kilinisaidia kukumbuka somo hilo, maana ukungu unaopanda kutoka mtoni na ukungu ulio juu ya tunda vina jina moja.) Kwa kuwa macho yalinidanganya, nilitegemea pua: mzuri hunukia asali, mbaya hunuka siki. Ndiyo sababu mistari ileile hupitiwa mara kadhaa, na kila safari hukatwa kilicho tayari tu, pengine nusu ya kichala.

Udongo niliujua kwa viatu. Juu, kwenye uwanda, kuna mfinyanzi wenye mawe ya gumegume, ambao wenyeji huuita perruches. Kwenye miteremko kuna aubuis, mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, nao baada ya mvua hung'ang'ania soli hadi mguu unakuwa mzito. Chini yake limelala jiwe la tuffeau, chokaa laini iliyochimbwa kujengea makasri ya Loire, na mapango yaliyoachwa na wachimbaji sasa huhifadhi mvinyo. Jiwe hilo hufyonza maji na kuyaachia polepole, jambo nililolionea wivu nikikumbuka mipira ya kumwagilia ya nyumbani. Hata hivyo, chokaa huunyima mzabibu madini ya chuma, majani yakageuka manjano, kwa hiyo miche hubebeshwa kwenye mashina yanayoistahimili.

Katika mzunguko wa tatu nilipewa mistari yangu peke yangu kwenye mteremko, na ndoo yangu haikukaguliwa tena isipokuwa siku za mvua.